Jumamosi Isiyo na Mechi

Nusu saa kabla ya mechi ya kikapu, foleni ya choo cha wanawake katika ukumbi wa Chuo cha Ostrander ilikuwa imefika hadi kwenye mashine ya bisi. Corinne Tesch, mwalimu wa hesabu, koti la kijani na theluji ya Nebraska mabegani, alichoka kusubiri. Akamgeukia mwanamume mwenye tai aliyekuwa akipiga deki soda iliyomwagika.

"Kaka, mkurugenzi wa michezo wa hapa ni nani? Nataka nimpe vidonge vyake."

"Nipe tu, ni mimi. Na kocha pia ni mimi, na juzi tumefungwa kwa pointi kumi na tisa. Ongeza na vya hiyo."

Corinne alicheka akasahau foleni. Ndivyo alivyoingia katika mapenzi na kocha huyo, Verlin Haugen, na simu ya Verlin ikaingia naye.

"Mpenzi, nisamehe, chakula cha leo hapana. Kuna kijana huko Kansas ana futi sita na inchi tisa."

"Na mimi nina futi tano na njaa. Msimu ukiisha je?"

"Msimu ukiisha mimi ni wako."

Uongo mtupu. Msimu wa kocha hauishi: mechi zikikoma anawinda wachezaji, akiwapata kuna kambi za kiangazi, na mkurugenzi naye ana ratiba za timu kumi na nne za kupanga. Corinne alivumilia miaka mitatu, akila peke yake kwenye meza za watu wawili.

Mwaka wa nne Verlin alimvisha pete, akafungua ratiba yake, akaweka kidole kwenye Jumamosi ya mwisho ya Februari. "Harusi yetu, saa nane mchana. Siku hii hatuna mechi."

Hakumwambia kwamba kila mwaka ndiyo siku ya nusu fainali ya ligi. Ostrander haikuwa imefika huko kwa miaka kumi na mmoja, basi aliona haina haja. Majira hayo ya baridi vijana wake wakaanza kushinda, na kila walivyoshinda yeye alizidi kukonda.

Jumatatu ya wiki ya harusi, Corinne alikuta bango kwenye mlango wa duka la vyakula: nusu fainali, Ostrander nyumbani, Jumamosi, saa nane. Akapiga simu palepale.

"Verlin, ulijua?"

"Nilijua ni siku ya nusu fainali. Sikujua tutafika."

"Kumbe ulipanga harusi yetu ukitegemea vijana wako wafungwe."

"Tusogeze wiki moja tu, mpenzi wangu. Ligi hainisikilizi, mchungaji atanisikiliza."

"Wewe unamsogeza yule anayekubali kusogezwa. Ulinipa siku uliyodhani haina kazi." "Saa nane nitakuwa kanisani. Sitakupigia tena."

Wala hakupiga. Wala Verlin hakupiga.

Jumamosi magari yote ya mji yalielekea ukumbini. Kanisani walikuja watu ishirini na wawili. Corinne alisimama mlangoni katika gauni la lesi la mikono mirefu, akijilaumu kwa kusubiri, na ilipobaki dakika tano alimwona Verlin akivuka barabara kwa suti nyeusi, uso umemvimba kama mtu aliyelia.

"Timu iko na nani?"

"Na msaidizi wangu. Simu nimemwachia yeye."

"Umenikasirikia?"

"Nimejikasirikia. Na wewe kidogo, sikufichi. Miaka kumi na mmoja nimeingoja mechi hii, Corinne."

"Inauma?"

"Inauma sana."

Corinne alimnyoosha tai, polepole, huku machozi yakimtoka.

"Basi leo ndipo umenichumbia kweli," alisema, akamshika mkono wakaingia.