Nilivyomshika Revelian Shati

Miguu yangu haijui kutulia. Kila asubuhi kabla ya shule nachota maji, nafagia uwanja, nawapelekea mbuzi maganda ya ndizi, na bado Mama hulalamika, "Kobusingye, hata uji unakunywa huku unatembea!" Siku ya kwenda kupimwa zahanati nilizidi. Tangu alfajiri nilizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mdogo wangu Revelian ana miaka tisa. Alizaliwa na mtindio wa ubongo, hivyo miguu yake imekaza, na akisimama huyumba. Hesabu ananishinda, lakini wapo watoto wanaomwita mlevi. Anayeongoza ni Privatus, jirani yetu pale Ihanda. Nikisikia neno hilo, damu inanichemka!

Baba alimpakia Revelian kwenye baiskeli, mimi nikafuata mbio hadi zahanati. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Dada Mackrine, alikuwa ameweka sakafuni ubao mweusi uliounganishwa na kompyuta. Aliwaita watoto wenye matatizo ya viungo na wasio nayo, ili alinganishe wanavyosimama. Alieleza pia atakachofanya na majibu, ila mimi nilikuwa nachungulia dirishani, sikusikia.

Privatus alitangulia. Alisimama nusu dakika macho wazi, nusu dakika ameyafumba. Kwenye kompyuta mstari wa kuonyesha anavyoyumba ulijichora kidogo tu. Zamu yangu ilipofika, mstari ulitapakaa kote.

"Makubwa! Huyu ana siafu miguuni," Dada Mackrine alisema, watu wakacheka.

Privatus akaninong'oneza, "Wewe mzima umeyumba hivyo. Mlevi wenu si ataanguka puu!"

Nilitamani kumzaba kofi.

Revelian akapanda ubaoni. "Kobusingye, simama nyuma yake," Dada Mackrine aliniambia. "Akianguka mdake, lakini usimguse kabla."

Nilimgusa. Nilibana shati lake mgongoni kwa vidole viwili, nikalivuta kila alipoinama. Mstari ukatoka mdogo kuliko wangu. Nikamkonyeza Privatus.

Dada Mackrine alitazama kompyuta mara mbili. "Ajabu! Baba Kobusingye, kwa kipimo hiki mtoto hahitaji viatu vya kumshikilia miguu. Viatu ni vichache, tutawapa wanaoyumba zaidi."

"Lakini nyumbani huanguka kila siku," Baba alisema. Uso wake ulinyong'onyea.

Kumbe ndiyo maana ya kupimwa! Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Revelian alikuwa anajikuna kidonda cha kiwiko alichokipata juzi alipoanguka. Aliniangalia.

"Dada, sema wewe," alisema polepole. "Usiposema, nitasema mimi."

Nikapiga magoti mbele ya Dada Mackrine. "Nisamehe. Nilimshika shati. Sikutaka wamcheke."

Dada Mackrine alininyanyua. "Huu si mtihani, mwanangu. Hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Revelian, turudie."

Safari hii aliyumba kushoto, akayumba kulia, na sekunde ya kumi na moja akaanguka mikononi mwangu. Privatus alifungua mdomo acheke. Baba akamtazama, naye akaufunga. Dada Mackrine akampima Revelian nyayo kwa ajili ya viatu, kisha akatufundisha mazoezi ya kusimama.

Njiani Baba alikokota baiskeli kati ya migomba. Nilikuwa natamani anigombeze tu, yaishe. Mwishowe akauliza, "Mtu akitia jiwe kwenye gunia la kahawa, mzani unasemaje?"

"Unasema gunia ni zito, Baba."

"Na jiwe limegeuka kahawa?"

"Hapana, Baba."

"Leo umetia jiwe kwenye gunia la mdogo wako. Najua ulifanya kwa kumpenda. Lakini kipimo cha uongo humnyima mtu msaada wa kweli. Afadhali aibu ya siku moja kuliko kuanguka maisha yake yote."

"Na mimi si gunia!" Revelian alipaza sauti kutoka kwenye baiskeli, tukacheka hadi Baba akashindwa kusukuma.

Sasa kila jioni Revelian hufanya mazoezi uani na viatu vyake, nami husimama nyuma yake mikono wazi. Siku hizi hata mimi natulia. Akiyumba, namwacha ayumbe. Akianguka, namdaka.