Shujaa wa Ukuta wa Kasmiri

Kila siku baada ya masomo Zaina alichota maji, akafagia uwanja, akamuaga bibi yake na kukimbilia kafe ya intaneti ya Kasmiri, karibu na stendi ya Nachingwea. Kompyuta zilikuwa nne tu na mtandao ulikuwa wa kusuasua, kwa hiyo watoto wengi walisimama nyuma ya aliyekaa na kutazama. Kutazama tu kuliwatosha kuanzisha ubishi.

Walibishania michezo miwili ya mtandaoni, ile ambayo kila mchezaji huwa na mhusika wake na kukutana na wachezaji wa nchi nyingine. Octavian, ambaye baba yake alihamishiwa Nachingwea kikazi kutoka Moshi, alisifia Nchi ya Mawe. Picha zake zilikuwa kama za watu halisi: udevu mmoja mmoja ulionekana, na upanga ulitupa kivuli chini. Zaina alipenda Visiwa Saba, ambao wahusika wake walichorwa kwa mistari michache na rangi kali, vichwa vikubwa na macho ya duara.

Kasmiri alichoshwa na makelele yao. "Basi kila mmoja anichoree shujaa wa mchezo wake," alisema. "Atakayeshinda nitampa ukuta wangu wa mbele achore, stendi nzima imwone."

Zaina alitamani ukuta ule kuliko nguo ya Idi. Alichora Jumapili nzima. Jumatatu, darasani, Octavian alinyakua mchoro wa Zaina na kuuinua juu.

"Jamani, huyu ni shujaa au boga lenye miguu? Macho kama sahani! Hata wa chekechea anachora kuliko hivi!"

Darasa la sita zima lilivunjika mbavu. Tangu siku hiyo Zaina akaitwa Boga, hata kisimani.

Hakulia. Hasira ilimkaa rohoni, akala yamini kwamba Octavian atalipa. Na alijua jinsi ya kumlipiza kisasi. Ulikuwa msimu wa korosho, na bibi yake alipobangua hakuacha kumkanya: "Usiguse mafuta ya ganda, mjukuu wangu, utababuka mikono." Jambo hilo kila mtoto wa Nachingwea analijua tangu anatambaa. Octavian, mgeni, hakulijua.

"Mkono unaochora ndio utakaolipa," Zaina alijisemea.

Siku mbili baadaye alikamulia maganda mabichi kwenye kitambaa alichokifunga kijitini. Kafeni, Kasmiri alipogeuka kuhudumia mteja, alipaka kipanya cha kompyuta ya dirishani, mahali alipozoea kukaa Octavian. Mafuta meusi juu ya kipanya cheusi hayakuonekana. Kisha akavuka barabara, akasubiri. Octavian aliingia, akakaa, akakishika. Zaina alirudi nyumbani akiimba.

Kesho yake Octavian alikuja shuleni vidole vimevimba, vimejaa malengelenge. Mwalimu Felomena aliushika mkono ule, akautazama, uso ukabadilika.

"Haya ni malengelenge ya korosho. Na korosho ghafi za shule zinapungua stoo. Kumbe ni wewe unayeziiba na kuzichoma?"

"Hapana, mwalimu! Sijawahi kuchoma korosho hata siku moja!"

"Mwizi," mtu akanong'ona. Zaina akainamisha kichwa kuficha tabasamu. Sasa na yeye amepata jina!

"Jana jioni ulikuwa wapi?" mwalimu akauliza.

"Kwa kaka Kasmiri, mwalimu. Nilishika kipanya zaidi ya saa nzima, nangoja Visiwa Saba ufunguke."

"Huo si mchezo wa Zaina?"

Octavian akatazama chini. "Kaka Kasmiri amebandika dirishani michoro tuliyompelekea. Nikiwa ng'ambo ya barabara, wangu niliuona doa tu. Wa Zaina nilimtambua shujaa mara moja. Nikataka kujifunza wanavyochora. Nilitaka kumwomba radhi leo, maana nilimcheka bure."

Tabasamu lilimtoka Zaina. Saa nzima! Mkono ule ulikaa juu ya sumu yake saa nzima kwa ajili ya mchezo wake. Aliona aibu iliyomchoma kuliko ganda lolote. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua, na ukuta ungekuwa wake. Akasimama.

"Mwalimu, Octavian si mwizi. Mafuta ya korosho nilipaka mimi kwenye kipanya, nimkomeshe."

"Mkono wangu, Zaina?" Octavian aliuliza polepole.

Octavian alipelekwa zahanati. Siku hiyohiyo Zaina alipaka mikono majivu kama wabanguaji wanavyojikinga na mafuta, akakisugua kipanya mpaka Kasmiri akaridhika. Kisha yeye na bibi yake wakaenda kwa akina Octavian kuomba radhi. Mpaka mkono ulipopona, Zaina ndiye aliyemnakilia masomo yote. Octavian naye alisimama mbele ya darasa akakataza jina la Boga.

Kasmiri aliuchagua mchoro wa Zaina. Zaina akachora shujaa ukutani kwa mistari minene, kisha akampa Octavian brashi. Octavian, vidole vikiwa bado na mabaka, akaongeza kivuli chini ya upanga.

Mwalimu Felomena alisimama ng'ambo ya barabara akitazama, Zaina kando yake.

"Kipanya kile angeweza kukishika yeyote, Zaina, hata bibi yako," alisema. "Na kwa hila yako mwenzako alikaribia kuadhibiwa kwa wizi asioujua. Ukichekwa, iachie kazi yako ijibu. Mchoro wako ulikuwa umeshamjibu Octavian. Ni wewe tu ambaye hukuusubiri."

"Nimekosa, mwalimu," Zaina alisema, akavuka barabara kwenda kumsaidia Octavian kuosha brashi.