Kazi Isiyongoja

Mwanahija alikuwa mwanamke hodari, ila alimkumbuka mumewe kupita kiasi. Majaliwa alikuwa amekwenda kukata mkonge upande wa Tanga, na mwaka wa pili ulikuwa ukiisha. Barua yake ya mwisho ilisema: "Mpunga ukitosha kula mwaka mzima, sitaingia mkataba mwingine. Nitarudi. Usipotosha, itanibidi nibaki."

Tangu siku ile Mwanahija hakutulia. Alitaka mumewe aikute nyumba inang'aa. Kila alfajiri aliwaamsha binti zake, Mize wa miaka kumi na Zaina wa miaka sita.

"Fagieni ua. Kisha tekeni maji tukandike ukuta. Baba yenu asije akaona nyufa!"

Mwenyewe aliketi kusuka ukili wa mkeka mpya. Akisuka, alimwona Majaliwa ameukalia mkeka ule, anacheka. Machozi yalimtoka, naye akazidi kusuka.

Shamba lao lilikuwa bondeni, karibu na Mto Ruvu. Mpunga ulikuwa umeanza kutia maziwa, punje zikiwa bado laini, na wakati huo ndege huja makundi kwa makundi. Watu wa bonde lile huenda kuamia, yaani kufukuza ndege, kabla jua halijachomoza. Mwanahija na binti zake walifika jua likiwa juu. Ua walikuwa wameufagia vizuri sana. Ndege nao walikuwa wameshiba vizuri sana.

Siku ya nne ya kuchelewa hivyo, Bi Gertruda, mke wa mwalimu wa misheni, aliyelima shamba la jirani, aliwaita.

"Shikamoo, Bibi," watoto walisema.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mwanahija, hebu njoo uone."

Alikata suke, akalibana kwa vidole. Lilikuwa kapi tupu. "Pembe hii yote ndiyo hivi. Kule kwingine bado kuna kitu."

Mwanahija alikaa chini palepale. "Ole wangu! Majaliwa harudi tena!" Alilia mbele ya watoto bila kuona haya.

Bi Gertruda alimngoja anyamaze. "Nikuulize, mwanangu. Usipofagia leo, taka zitakwenda wapi?"

"Zitakuwepo kesho."

"Na ukuta?"

"Upo tu."

"Na ndege?"

Alijibu Mize: "Ndege hawangoji, Bibi."

"Umesikia mtoto? Kazi zote ni zako, lakini si zote za kwanza. Na hawa usiwape amri tu. Waulize kila asubuhi: leo kipi hakingoji? Waache wafikiri. Wakikosea, waeleze taratibu."

Kuanzia kesho yake walifika shambani gizagiza, wakipiga madebe na kupiga kelele. Uani taka zilirundikana. Mwanahija aliona uchungu kila alipoupita ukili wake, lakini hakuugusa.

Asubuhi moja Zaina aliamka mwili unawaka moto. Mwanahija alikuwa ameshashika debe lake.

"Twende, jua linatoka," alisema.

Mize hakusogea. "Mama, leo Zaina ndiye asiyengoja."

Mwanahija alimtazama binti yake, kisha akaliweka debe chini. Alimbeba Zaina mgongoni hadi zahanati ya Bagamoyo, akapewa dawa. Siku hiyo Mize aliamia pamoja na Bi Gertruda, mashamba mawili kwa mara moja, hadi sauti ikamkauka.

Walipovuna, mpunga ulitosha mwaka mzima na mbegu juu yake. Mume wa Bi Gertruda aliwaandikia barua ya kumjulisha Majaliwa. Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, Majaliwa alifika usiku, amekonda, Zaina akiwa ameshalala.

Asubuhi alishika panga. "Kibanda cha kuku kimeinama. Nikakate miti."

Mize alimzuia mlangoni. "Baba, kuku watangoja. Kaa kwanza, Zaina hajakuona bado."

Majaliwa aliweka panga, akaketi. Zaina alitoka chumbani akifikicha macho. Alikuwa hamkumbuki baba yake hata sura. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasogea hatua moja kumwelekea.