Shahada ya Dakika Arobaini

Morogoro nzima, kuanzia Kihonda mpaka miguuni pa Uluguru, hapakuwa na kiumbe aliyeijua sheria kumshinda Kobelo. Na alianza kuijua saa tatu ya asubuhi hiyohiyo.

Alikalishwa kwenye kiti cha chuo, akavishwa kofiasomo, mtambo unaommiminia mtu shahada nzima kichwani kwa dakika arobaini. Dakika kumi za kwanza zilikuwa mwaka wa kwanza: katiba, mikataba, jinai. Kumi za pili zikaleta ardhi na madhara, yaani lile somo la jirani kumkera jirani. Mwaka wa tatu ukaingia na ushahidi na mwenendo wa mashauri, jasho likamtoka. Wa nne ulipofika kwenye kampuni na sheria ya anga za juu, Kobelo alikuwa anakoroma kwa Kilatini.

"Umefaulu," kofia ikamwambia. "Usioshe nywele siku mbili."

Akatimka hadi mahakamani. Shangazi yake, Bi Semeni, alikuwa ameshtakiwa na jirani yake dobi, Bwana Pazi, aliyetaka jiko la supu la shangazi lifungwe kwa kuwa moshi mweusi ulikuwa unachafua mashati ya wateja. Na jiko lile ndilo lililokuwa maisha ya Bi Semeni. Hakuwa na jingine.

"Mwanangu, utaweza kweli?"

"Shangazi, wewe kaa utazame. Leo dobi anafuliwa yeye."

Shahidi wa Bwana Pazi alikuwa roboti wake wa kupiga pasi. Roboti wa enzi hizo hawakuweza kusema uongo. Labda ndiyo maana hawakuwa wakioa.

Kobelo akasimama, akakohoa kiwakili. "Shahidi, kuni kavu hutoa moshi mweusi?"

"Hapana."

"Na kuni za Bi Semeni ni kavu?"

"Kavu kabisa."

Watu wakaguna. Bwana Pazi akaanza kutafuna kidole. Wakili mzee yeyote angekaa hapohapo, akanywa maji, akasubiri hukumu. Lakini Kobelo alikuwa amejaa ushahidi mpaka masikioni, akaona ataupeleka wapi.

"Basi huo moshi mweusi ulitoka kwenye nini? Utuambie ulichokiona kwa macho yako, si cha kusikia!"

"Tairi," roboti akajibu. "Bi Semeni akienda sokoni na kukuachia jiko, wewe wakili hutazama kushoto, hutazama kulia, kisha huchochea moto kwa kipande cha tairi. Husema kupasua kuni kunakuumiza kiuno."

Kobelo akapekua kichwani miaka yote minne. Hakuona mahali palipomfundisha wakati wa kunyamaza.

Bi Semeni, ambaye hakuwahi kuvaa kofia yoyote zaidi ya kilemba, akainuka. "Mheshimiwa, sasa jiko langu limekosa nini? Si mumfunge huyu!"

Hakimu akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Jiko likabaki wazi. Wakili akaamriwa kuyafua mashati yote, kwa mkono.

Hata hivyo, jamani, tusimwonee kijana wa watu. Mimi ninayewasimulia nilikuwa benchi la nyuma siku hiyo, na nilisimama nikamtetea: "Mheshimiwa, naapa, tairi alichoma mara moja tu!"

Roboti akanigeukia taratibu.

"Mara kumi na saba," akasema. "Na wewe ndiye uliyekuwa unapepea."