Upepo Uliokosa Pa Kutokea

Wallahi, macho yangu haya yapofuke kama nimetia chumvi hata punje! Kisa hiki ninakijua mimi, wengine wote wanabahatisha.

Fundi fremu mmoja, fundi wa mafundi, hata moshi angeutia fremu ukatulia, aliletewa picha ya mti. Mti peke yake uwandani, umeinama kulia, nyuma yake wingu jeusi kama masizi ya sufuria. Mvua bado. Picha ikaizidi fremu kidogo. Fundi hakusumbuka: akashika wembe, akakata ukanda wa upande wa kulia, akauwashia jiko.

Mchana ule ule pazia likapepea, na madirisha yamefungwa.

"Baba watoto, umeacha mlango wazi?" mkewe akauliza.

"Mlango gani? Wewe baridi utaisikia hata ndani ya tanuri!"

Kesho yake nyumba ikanuka udongo uliolowa, na nje jua kali. Baadaye mkewe akawa anamimina chai nje ya kikombe, maana mwili wote ulikuwa umelalia kulia, nywele zinampeperuka, na kila fundi alipomshika kiuno amnyooshe, alisikia kitu upande wa pili kinasukuma, kikubwa kama lori, kinahema, kinanuka mvua.

"Nishike," mke akanong'ona.

"Nimekushika, mke wangu."

"Mbona mikono ni mingi?"

Akaitwa mganga, mikufu mpaka magotini. Kuipapasa tu ile picha ukingoni, akaurudisha mkono haraka.

"Fundi, kipande cha huku kiko wapi?"

"Nilikiwashia jiko."

"Basi. Upepo huu ni jini, alikuwa mpita njia humu pichani. Anaingia kushoto, anatokea kulia. Njia yake ndiyo umeichoma."

"Si umfukuze, mzee wangu!"

"Nimfukuze apitie wapi?"

Mganga akabeba viatu mkononi, akafungua mlango, akatoka. Hapo hapo upepo ukavuma kuelekea nje, na mama wa watu akanyanyuka, miguu haigusi sakafu, anaelekea mlangoni kama kanga iliyong'oka kambani! Fundi akamdaka kifundo cha mguu, akaubamiza mlango kwa kisigino.

Pichani, mti umesimama wima, umetulia.

Mpaka leo fundi amekaa sakafuni, amemkumbatia mkewe, mikono inakufa ganzi. Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu, hili liishie hapa. Watu wakisikia watakwenda kumpa pole, na mmoja wao ataufungua ule mlango.