Mkwaruzo Ndani ya Diski

Asubuhi hiyo ua la waridi liligoma kufunguka kwenye kompyuta ya Mama Nyuzi, na lilipofunguka hatimaye, lilikuwa limesimama kichwa chini. Akalifunga, akalifungua tena. Kile kiduara cha kusubiri kikazunguka weee mpaka chai yake ikapoa. Ndani ya sanduku la kompyuta kitu kikakwaruza, kwa, kwa, kwa, kama ukucha juu ya bati.

Mama Nyuzi alikuwa na karakana ya kudarizi nyuma ya nyumba yake. Michoro yote aliyobuni maishani, ya shela za maharusi na nembo za sare za shule, ilikuwa ndani ya kompyuta ile, nayo ndiyo iliyoiambia mashine ya kudarizi sindano ipite wapi. Yeye na mumewe waliinunua ikiwa imeshatumika, na mwenyewe alikuwa na haraka sana ya kuiondoa kwake, hata akawasaidia kuibeba. Aliyeendesha mashine ni mumewe. Watu walimwita Taratibu, maana hata nzi alimfukuza kwa adabu.

"Unasikia harufu?" Mama Nyuzi akamwuliza.

Taratibu akanusa. "Kama nywele zinaungua."

"Nani anaunguza nywele humu?"

"Kompyuta imezeeka tu, mke wangu. Na mimi nikizeeka nitanuka, utanivumilia."

Wakacheka. Kisha Mama Nyuzi akampigia simu mdogo wake, ambaye ni fundi wa kompyuta.

Fundi alifika na mkoba wake, akakaa, akaanza kazi. Alizima programu zinazojiwasha zenyewe, akatafuta virusi, akapima kumbukumbu. Vyote vizima, lakini kompyuta ilizidi kuburuta miguu. Akaizima na kufungua ubavu wa sanduku.

"Dada, nyuzi zako zimejaa kwenye feni," akasema, akaanza kuzivuta.

Hazikuwa nyuzi. Zilikuwa nywele, ndefu na zenye unyevu, na mwisho wake uling'ang'ania kipande cha ngozi ya kichwa.

Fundi akazitupa chini. "Shemeji," akanong'ona, "hiki kitu mlikitoa wapi?"

Taratibu akazikwepa zile nywele, akarudi kwenye mashine yake.

"Nadhani diski inakufa," fundi akaendelea, akijilazimisha kuongea kama mtu aliye kazini. Aliiwasha tena na kuipima. "Ndiyo. Sehemu mbovu zinaongezeka hapa hapa naangalia. Tunakili michoro kwenye diski mpya kabla hii haijazima kabisa."

Akaunganisha diski mpya. Alipoanza tu kunakili, ile ya zamani ikapiga ukelele mwembamba, na harufu ya nywele ikajaa chumba. Fundi akaruka, akachomoa plagi ukutani.

Skrini ikazima. Feni ikasimama. Mkwaruzo ukaendelea.

Kwa, kwa, kwa.

Alisimama na plagi mkononi, akiitazama. Kisha, bila kujua kwa nini anafanya hivyo, akaligonga sanduku kwa bisibisi mara mbili. Kutoka ndani, likagongwa mara mbili.

"Tokeni," fundi akasema kwa sauti ndogo. "Dada, shemeji, tokeni sasa hivi."

Lakini Taratibu alikuwa bado ameinama kwenye mashine yake, mkono chini ya sindano akipitisha uzi, na mashine ile, iliyokuwa imezimwa, ikanguruma yenyewe, sindano ikashuka katikati ya kiganja chake ikatokea upande wa pili, ikapanda, ikashuka tena, ikamshona mkono kwenye kitambaa huku yeye akipiga mayowe na damu ikiruka mpaka dirishani, na mkewe akavuta na shemeji yake akavuta, na sindano isikome, iendelee kumdarizi jani baada ya jani, mpaka ilipovunjika ndani ya mfupa ndipo mkono ukachomoka na kitambaa chake.

Mayowe yakakatika ghafla. Taratibu akainua uso. Alikuwa anatabasamu.

"Mmefungua mlango wangu," akasema, na sauti haikuwa yake, "hamkubisha hata hodi."

Akanyanyua skrini kwa mkono ule ule uliotoboka, akampiga nayo fundi mdomoni. Meno yakamwagika sakafuni. Kisha akamgeukia mkewe, akamkaba koo, akamnyanyua mpaka viatu vikamvuka. Mama Nyuzi aliyaona macho ya mumewe kwa karibu, na mumewe hakuwemo. Fundi, damu ikimchuruzika kifuani, akamvunjia kiti magotini kwa nyuma. Taratibu akaanguka. Wawili wale wakatambaa nje, wakafunga mlango kwa kufuli.

Shangazi yake Taratibu aliishi mtaa wa pili, na kupunga majini ndiyo kazi iliyomlea. Alikuja mbio na kanga moja. Akatega sikio mlangoni, akasikia vitu vinavyovunjwa ndani, na chini ya kelele hizo, ule mkwaruzo.

"Nyumba yake ni hiyo diski," akasema. "Tukiivunja sasa hivi halimo, litabaki kwa mwanangu moja kwa moja. Iwashe. Ipe kazi. Likisikia inaguswa litarudi. Likishaingia, vunja."

"Na michoro yangu, shangazi?"

"Vunja, mwanangu."

Wakaingia. Taratibu akawarukia na mkasi, akamchana shangazi bega, lakini fundi akamtupia jora zima la kitambaa, wakamviringisha humo wakamkalia, mmoja kifuani mmoja miguuni, naye akawa anatupatupa na kung'ata nguo huku akitukana kwa sauti za watu wengi. Mama Nyuzi akachomeka plagi. Akaokota ile skrini iliyopasuka, akaiunganisha. Akabonyeza kunakili.

Mstari wa kijani ukaanza kusogea. Diski ikapiga ukelele, na kila mstari uliposogea, sauti moja ilitoka kinywani mwa Taratibu ikahamia ndani ya sanduku, mpaka jora likatulia kabisa na sanduku likaanza kutikisika juu ya meza.

"Mama Nyuzi," sanduku likaita kwa upole. "Bado kidogo. Michoro yako yote nimekutunzia. Ngoja mstari ufike mwisho."

Alikuwa amenyanyua nyundo. Mkono ukaganda. Nusu ya maisha yake ilikuwa inapita pale mbele ya macho yake, na ilikuwa imebaki kipande kidogo tu.

"Linahamia diski mpya!" shangazi akapiga kelele. "Piga!"

Akapiga. Akapiga tena, diski zote mbili, mpaka visahani vyake vikapasuka kama kioo, na kitu kikalia ndani ya chumba kwa uchungu wa mnyama anayechunwa, dirisha likapasuka kuelekea nje, kisha pakawa kimya. Harufu ikaondoka. Shangazi akavikusanya vipande, akavichoma uani mpaka vikawa majivu na tonge la chuma.

Hospitali walimtoa Taratibu sindano, lakini vidole viwili havikukunjuka tena. Fundi aliwekewa meno ya bandia. Mama Nyuzi alianza kuchora upya, akikumbuka alichoweza.

Jioni moja Taratibu alimkuta mkewe ameinama juu ya kazi, kitambaa cha shingoni kimeteleza.

"Nilikufanya nini?" akauliza.

"Si wewe. Shangazi alikueleza."

Akasogea, akaweka vidole vyake juu ya alama za shingoni, kimoja kimoja. Vilienea vyote. Mama Nyuzi hakutaka kushtuka, lakini mwili ukashtuka, na mumewe akauhisi ukishtuka chini ya mkono wake.

Taratibu akarudi nyuma, akakaa mbali.

"Kusanya mikasi," akasema. "Yote. Ifungie kabatini, na ufunguo usinionyeshe unapouweka."

Alingoja mkewe amkatalie, amwambie aache upuuzi. Mama Nyuzi akainuka, akakusanya mikasi.