Chumba Kilichopakana na Tanuri

Rafiki yangu Ruolan alikwenda Jingdezhen, mji wa wafinyanzi huko China, kutazama matanuri ya kale ya kauri, akatafuta pa kulala karibu nayo. Bi Tao, mwenye nyumba ya wageni, alimpa chumba cha mbele. Ruolan akakitaka cha nyuma, kilichopakana na tanuri lililozimwa zamani.

"Hicho wageni hawakiwezi, binti yangu. Hata wanaume huomba kuhamishwa."

"Mimi sitaomba, shangazi. Nimechoka kuchaguliwa pa kulala."

Jioni mvua ikanyesha, umeme ukakatika. Gizani akasikia ting, kama wafinyanzi wanavyogonga bakuli kwa ukucha wasikie kama lina ufa. Kwanza lililia birika la chai mlangoni. Kisha kikalia kikombe mezani. Halafu sahani, kando kabisa ya kitanda.

Ruolan hakuinuka kitandani alipokuwa ameketi.

"Gonga utakavyo," akasema. "Mimi sihami."

Kukawa kimya, ikisikika mvua tu juu ya vigae. Kisha ukucha wa baridi ukamgonga gotini, taratibu, na goti lake likalia ting, sauti safi ya kauri isiyo na ufa.